Nakuru kama mahali pa biashara: faida imekaa wapi hasa

Tangu ugatuzi uanze nchini Kenya mwaka 2013, kila kaunti kati ya zile 47 imekuwa ikijinadi kwa wawekezaji, na maneno yanafanana mno: ardhi ipo, vijana wapo, barabara zipo, gavana yuko tayari kukupokea. Ukisoma vijitabu vya kaunti tano kwa mkupuo mmoja, unaweza kubadilishana majina ya kaunti na usione tofauti. Mtu mwenye akiba yake mkononi, anayetaka kuanzisha kiwanda kidogo au duka la jumla, anabaki palepale alipoanzia. Naandika kwa ajili ya huyo. Nitatumia Nakuru kama mfano, kwa kuwa ni kaunti yenye faida za kweli na pia ni kaunti ambayo faida zake huelezwa vibaya sana.

Mkanganyiko huanzia kwenye neno lenyewe "faida za kaunti". Humo ndani tunatia vitu vya asili tatu tofauti. Vipo vinavyotoka kwa serikali ya kitaifa, ambavyo kaunti huvitaja kana kwamba ni vyake. Vipo vinavyotoka kwa serikali ya kaunti kweli, na hivyo ni vichache kuliko watu wanavyodhani. Halafu kuna vile vinavyotoka kwa ardhi yenyewe, barabara zinazoipita na watu waliokwisha kaa juu yake. Hivi vya mwisho ndivyo vinavyoamua kama biashara itasimama au itaanguka, na hakuna ofisi inayoweza kukupa wala kukunyang'anya.

Kile ambacho kaunti haiwezi kukupa

Nianze na kodi, maana ndilo swali la kwanza la kila mtu. Kodi ya mapato ya kampuni ni asilimia 30 Nakuru, na ni asilimia 30 Kwale na Turkana. Kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ni asilimia 16 kila mahali. Mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake kwa mwaka yako kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 hulipa kodi ya mauzo ya asilimia 3, awe Subukia au Siaya. Makato ya NSSF, ya bima ya afya na ya nyumba ni yaleyale. Hakuna gavana anayeweza kukupunguzia hata senti moja katika hayo, na ukisikia afisa wa kaunti akikuahidi "likizo ya kodi", muulize kodi ipi.

Hata kima cha chini cha mshahara hakifuati mipaka ya kaunti. Serikali ya kitaifa hukipanga kwa makundi ya miji: miji mikubwa ina kiwango chake cha juu, zile zilizokuwa manispaa zina chake, na sehemu nyingine zote zina cha chini zaidi, huku wafanyakazi wa mashambani wakiwa na orodha yao peke yao. Maana yake, ndani ya kaunti moja ya Nakuru, aliyeajiri mlinzi mjini na aliyeajiri mlinzi kule Kuresoi wanaweza kuwa chini ya viwango viwili tofauti vya kisheria. Swali la "kaunti gani ina vibarua wa bei nafuu" basi limeulizwa vibaya tangu mwanzo.

Kile ambacho kaunti inaweza

Katiba ya 2010 iliipa serikali ya kaunti mamlaka juu ya masoko, leseni za biashara, mipango ya matumizi ya ardhi, barabara za kaunti, maji na usafi wa mazingira. Upande wa mapato, kifungu cha 209 kinairuhusu kutoza ada za mali isiyohamishika na kodi za burudani, pamoja na malipo ya huduma inazotoa. Kifungu hichohicho kinaongeza jambo ambalo wafanyabiashara wengi hawalijui: kaunti haitakiwi kutumia mamlaka yake ya kutoza kwa namna inayozuia biashara kuvuka mipaka ya kaunti au bidhaa na wafanyakazi kusafiri nchini. Ukikutana na kizuizi cha barabarani kinachodai malipo kwa mzigo unaopita tu, hapo ndipo pa kuanzia mazungumzo.

Kwa vitendo, mkono wa kaunti utauhisi katika leseni ya biashara ya kila mwaka, cheti cha usalama wa moto, ukaguzi wa afya ikiwa unauza chakula, ada ya bango, na ushuru wa mazao, ile sesi inayolipwa vizuizini. Viwango vyote huwekwa katika sheria ya fedha inayopitishwa na bunge la kaunti, na hubadilika. Ni hati ya wazi. Itafute, tafuta aina ya biashara yako na ukubwa wake, ujumlishe. Kwa biashara nyingi utagundua kwamba tofauti kati ya kaunti moja na nyingine kwa mwaka mzima ni ndogo kuliko kodi ya pango ya jengo ya mwezi mmoja.

Kinachoumiza zaidi ya ada ni muda. Ukinunua shamba na kutaka kujenga ghala, unahitaji kubadilishiwa matumizi ya ardhi na kupewa idhini ya ujenzi chini ya sheria ya mipango ya mwaka 2019, na yote mawili yako mikononi mwa kaunti. Kaunti inayojibu kwa wiki chache ina faida kubwa kuliko ile inayotoza nusu ya ada na kukuzungusha mwaka mzima huku mkopo wako wa benki ukizaa riba. Jambo hili haliandikwi kwenye kijitabu chochote. Hulijua kwa kuwauliza watu watatu au wanne waliojenga hapo miaka miwili iliyopita.

Kuhusu hadhi ya jiji: Nakuru ilipokea hati ya kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, la nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Heshima hiyo iliwezekana baada ya sheria ya miji kurekebishwa mwaka 2019 na idadi ya wakazi inayotakiwa kushushwa hadi 250,000. Kwa mwenye duka, hati hiyo peke yake haikuleta mteja hata mmoja. Ilipandisha matumaini ya bei za viwanja, na hiyo ni faida kwa aliyekuwa nacho tayari.

Mzigo unatoka wapi, unakwenda wapi

Sasa tufike penyewe. Mwaka 1909 mwanauchumi Mjerumani Alfred Weber alieleza kanuni ambayo hadi leo haijachakaa: kiwanda huvutwa upande ule ambao uzito mkubwa unapaswa kusafirishwa. Ikiwa malighafi hupungua sana uzito inaposindikwa, kaa karibu na shamba. Ikiwa bidhaa huongezeka uzito au ujazo inapotengenezwa, kaa karibu na mlaji. Ni rahisi kuisema, na papo hapo mtu hukosea katika kuitumia.

Mfano wa wazi kabisa katika Nakuru ni pareto. Ua la pareto likikauka huwa na dawa yenyewe ya kuua wadudu kiasi cha asilimia 1 hadi 2 hivi, na yaliyobaki ni makapi. Hakuna mwenye akili timamu atakayesafirisha tani za maua hadi pwani ili akamue kilo chache. Kiwanda kikakaa mjini Nakuru, katikati ya mashamba ya nyanda za juu, na kwa miongo kadhaa Kenya ikawa muuzaji mkuu wa pareto duniani.

Viazi ni habari ngumu zaidi, na ndiyo sababu nataka nikae hapo kidogo. Molo, Kuresoi, Njoro na Mau Narok ni nchi ya viazi. Aina inayotawala ni shangi, ambayo wakulima huipenda kwa kuwa hukomaa upesi na huiva upesi jikoni, ila ina kasoro moja kubwa: huanza kuota muda mfupi baada ya kuvunwa. Mkulima asiye na ghala la baridi hawezi kungoja bei. Msimu ukifika, mvua inanyesha, barabara ya kuingia shambani imegeuka tope, dalali anakuja na lori na magunia yake ya lumbesa yenye kofia juu. Kanuni za mwaka 2019 zinasema gunia la viazi lisizidi kilo 50. Shambani, penye dalali mmoja na viazi vinavyoota, kanuni hiyo hupoteza sauti.

Mtu akiona hali hii husema: fungua kiwanda cha krispi hapo hapo Molo. Tani nne za viazi hutoa takriban tani moja ya krispi, kwa hiyo unaokoa robo tatu ya nauli. Hesabu hiyo ni sahihi kwa uzito na inadanganya kwa ujazo. Pakiti ya krispi imejaa hewa makusudi, ili vipande visivunjike. Lori linajaa hadi juu kabla halijabeba hata sehemu ndogo ya uzito wake, na bidhaa ikitikiswa kwenye mashimo inafika makombo. Nauli uliyookoa kwenye viazi unailipa tena kwenye hewa. Kwa krispi basi, kukaa karibu na maduka makubwa ya Nairobi kunaweza kuwa na maana kuliko kukaa karibu na shamba.

Geuza sasa uchukue chipsi zilizogandishwa. Uzito hupungua karibu nusu, bidhaa imeshikana na hujaza lori ipasavyo, na maganda hubaki kijijini ambako ni chakula cha ng'ombe. Hapo shamba linashinda, mradi umeme usikatike na uwe na magari ya baridi. Wanga wa viazi ndio hushinda zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya kiazi ni maji tu. Zao ni lilelile na wadi ni ileile, lakini jibu linageuka kwa sababu ya kile kinachotoka mlangoni mwa kiwanda.

Na kuna jambo la tatu ambalo nauli hailionyeshi. Januari 2022 mikahawa ya KFC nchini Kenya iliishiwa na chipsi kwa sababu viazi vyake vilikuwa vinaagizwa kutoka nje na meli zilichelewa. Wakenya wengi walikasirika, na wakulima walikuwa na kila sababu ya kuuliza kwa nini. Jibu lilihusu viwango: mnunuzi wa namna ile anataka msambazaji aliyeidhinishwa, kiazi cha ukubwa na sukari inayojulikana, na kumbukumbu za shambani za kila zao. Viazi vilikuwepo tele. Aliyekosekana ni mtu wa katikati, mwenye ghala la baridi, mashine ya kupanga na mkataba na wakulima mia kadhaa. Kwa maoni yangu biashara yenye nafasi kubwa kuliko zote katika nyanda za juu za Nakuru iko hapo, kwenye kuhifadhi, kupanga na kuuza kwa daraja, kabla hata ya kufikiria kukaanga chochote. Inahitaji subira na mtaji wa miezi mingi, na wakulima watakuamini ukiwalipa kwa siku uliyoahidi.

Maziwa yanafuata mantiki ileile, kwa hiyo nitayapita haraka. Jibini huhitaji takriban lita 10 za maziwa kwa kilo moja, hivyo hukaa karibu na ng'ombe. Maziwa ya pakiti hayapungui uzito; kinachoyavuta kwenye shamba ni hofu ya kuharibika tu, na mtungi wa kupozea ulioko kijijini unaweza kuitatua hofu hiyo huku kiwanda kikiwa kwingine.

Maua ya Naivasha na nguvu ya kukaa pamoja

Naivasha ilipata mashamba ya maua kwa sababu za ardhi: ziwa lenye maji baridi, mwinuko wa karibu mita 1,900 unaofanya usiku kuwa na ubaridi, jua la ikweta mwaka mzima, na barabara ya saa chache hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Waridi lililokatwa asubuhi huingia kwenye chumba cha baridi, kisha lori la baridi, na usiku liko ndegeni.

Lakini sababu zinazoyaweka mashamba hayo hapo leo si zile tu zilizoyaleta. Miongo imepita, na kuwazunguka wakulima wa maua wamekuja watengenezaji wa maboksi, mafundi wa vyumba vya baridi, wauzaji wa plastiki za nyumba za kuoteshea, wataalamu wa wadudu, madereva wanaojua mzigo wa maua haungoji. Mfanyakazi aliyefundishwa kupanga waridi kwa urefu wa shina shamba moja anaweza kuhamia shamba la pili bila kufundishwa upya. Mwekezaji mpya akija, anakuta haya yote tayari. Kaunti nyingine yenye hali ya hewa nzuri kuliko Naivasha ingelazimika kuyajenga kuanzia sifuri, na hakuna msamaha wa ada unaofidia hilo.

Msongamano huu una fursa ya pili kwa wale wasiokuza ua hata moja. Karagita, mtaa ulio kando ya barabara ya kusini mwa ziwa, umejaa wafanyakazi wa mashamba wanaolipwa kwa mwezi. Wanahitaji nyumba, mitungi ya gesi, sare za shule, zahanati, mama wa kuwalea watoto kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Anayefungua kituo kizuri cha kulea watoto hapo ananufaika na soko la Ulaya bila kuuza chochote Ulaya. Ana pia hatari ileile: maua yakiyumba, kodi za nyumba huyumba siku hiyohiyo.

Umeme wa jotoardhi haukufanyi ulipe kidogo

Hapa pana dhana moja iliyowapoteza wengi. Olkaria, ndani ya kaunti ndogo ya Naivasha, ndipo mtambo mkubwa wa kwanza wa kuzalisha umeme wa jotoardhi barani Afrika ulipoanza kazi mwaka 1981, na leo eneo hilo ni mhimili wa umeme wa nchi nzima. Menengai, nyuma tu ya jiji la Nakuru, nayo imechimbwa visima, na mtambo wa megawati 35 umeshaanza kuzalisha. Kwa hiyo mtu husema: nikikaa hapo, umeme utakuwa nafuu.

Hautakuwa. Bei ya umeme wa gridi huidhinishwa kitaifa, na mteja wa Kenya Power aliye mita mia tatu kutoka bomba la mvuke hulipa bei ileile na mteja wa daraja lake aliye Kisii. Waya hausomi kaunti.

Ambacho hakisafiri ni joto. Mvuke na maji ya moto vikisukumwa mbali kwa bomba hupoa, kwa hiyo anayevihitaji analazimika kukaa jirani na kisima, na hapo ndipo Nakuru ina kitu ambacho kaunti nyingi haziwezi kuwa nacho. Shamba la maua la Oserian kando ya Ziwa Naivasha lilitumia kisima cha jotoardhi kupasha joto nyumba zake za kuoteshea wakati wa usiku, kukausha unyevu unaoleta ukungu, na kulisha mimea hewa ya kaboni inayotoka humo humo ardhini. Kule Menengai, Kampuni ya Ustawi wa Jotoardhi, GDC, iliweka miradi ya majaribio ya kuchemsha maziwa, kufuga samaki katika maji ya uvuguvugu, kufua nguo na kukausha nafaka kwa joto la kisima. Ikiwa sehemu kubwa ya gharama yako ni kuni, makaa au mafuta ya kuchemshia, hii ndiyo faida ya kwenda kuiulizia. Mkaushaji wa mahindi, kiwanda cha maziwa, dobi la hoteli: hao wana cha kuongea na GDC. Mwenye mtambo wa kuchomelea vyuma hana.

Reli, bandari kavu na eneo maalum

Reli ya kisasa, SGR, ilifika upande wa Naivasha mwaka 2019 na kuishia Suswa, ambayo kwa kweli iko Narok. Bandari kavu ikafunguliwa karibu na Mai Mahiu, na baadaye kipande cha reli ya zamani kikajengwa kuunganisha hapo na kituo cha Longonot ili makasha yaendelee hadi Malaba. Karibu na hapo ndipo palipotengwa eneo maalum la kiuchumi la Naivasha, ekari 1,000.

Eneo hilo ndilo linalozaa ahadi nyingi, kwa hiyo tulitenganishe. Msamaha wake wa kodi unatokana na sheria ya kitaifa ya mwaka 2015: kampuni yenye leseni hulipa kodi ya mapato ya asilimia 10 kwa miaka 10 ya kwanza na asilimia 15 kwa miaka 10 inayofuata. Hupewi kwa kuwa uko Nakuru. Unapewa kwa kuwa na leseni na kufanya kazi ndani ya uzio, na kampuni iliyo ndani ya uzio wa eneo kama hilo kaunti nyingine hupata vilevile. Bidhaa inayotoka humo kuingia soko la Kenya ina masharti yake ya forodha, kwa hiyo anayelenga kuuza katika masoko ya ndani kama Gikomba na Kongowea apige hesabu hizo kabla hajavutiwa na asilimia 10. Aliye nje ya uzio, hata kama ni jirani wa ukuta kwa ukuta, hulipa 30. Kile anachoweza kukipata huyo jirani ni wateja: madereva wa malori, mafundi, ofisi za mawakala wa forodha, nyumba za wafanyakazi.

Jiji lililo njia panda

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 2,162,202 katika kaunti ya Nakuru, ya tatu kwa wingi baada ya Nairobi na Kiambu, na mji wa Nakuru peke yake ulikuwa na watu 570,674. Kwa mwenye duka la jumla, hata hivyo, idadi hiyo ni sehemu tu ya hesabu. Kaunti hii imepakana na Baringo, Laikipia, Nyandarua, Kiambu, Kajiado, Narok, Bomet na Kericho. Barabara ya kwenda Uganda inaupita mji, ile ya Kisumu huchepuka Mau Summit, na zipo za kwenda Nyahururu na Marigat. Mwenye kuuza vipuri vya trekta, mbegu, dawa za mifugo au mabati mjini Nakuru humuuzia mtu wa Kabarnet na mtu wa Ol Kalou siku moja, na wote wanarudi makwao kabla ya giza. Nairobi iko kilomita 160 hivi, karibu kiasi cha kuletewa mzigo kesho yake, na mbali kiasi kwamba mkulima wa Rongai haendi huko kutafuta pampu.

Vyuo pia vipo karibu kwa namna inayofaa biashara za kilimo: Egerton kule Njoro, iliyoanza kama shule ya kilimo mwaka 1939, chuo cha mafunzo ya maziwa Naivasha, na vyuo vya ufundi mjini. Aliyejenga mashine ya kukaushia anaweza kumpata mtu wa kuitengeneza bila kumpigia simu fundi wa Nairobi.

Utalii una nafasi yake, na tangu 2021 mbio za dunia za Safari Rally zimekuwa zikijaza kila kitanda Naivasha. Siku hizo chache si msingi wa kupangia mkopo wa hoteli.

Mahali peke yake hapaiokoi biashara

Kiwanda cha betri cha Eveready kilikuwa fahari ya Nakuru kwa miongo mingi, kikafunga mwaka 2014. Barabara haikuhama wala wafanyakazi hawakusahau kazi; betri za bei nafuu kutoka nje ziliwazidi. Pareto iliporomoka kwa njia nyingine: wakulima walicheleweshewa malipo yao kwa muda mrefu, wakang'oa mimea wakapanda viazi na mahindi. Udongo wa Molo ulibaki uleule uliolifanya zao hilo kuwa la kwanza duniani. Kila ninapomsikia mtu akisema "Nakuru biashara haikosi", nawafikiria wakulima hao.

Zipo pia hatari za mahali penyewe, na ni vibaya kumficha mtu anayeweka pesa. Bonde la Ufa ni ardhi hai. Machi 2018 mpasuko ulikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok, na Aprili 2024 maji yaliyoporomoka upande wa Mai Mahiu yaliua makumi ya watu na kusomba nyumba na magari. Maziwa ya Nakuru na Naivasha yamepanda katika miaka ya karibuni na kumeza majengo yaliyokuwa nchi kavu. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007 ziliwakumba Nakuru mjini, Naivasha na Molo vibaya, na mwenye ghala bado anapaswa kusoma bima yake kuona kama vurugu za kisiasa zimo. Barabara kuu ya Nairobi nayo huziba kabisa kwa foleni za magari siku za Pasaka na Desemba. Mwenye bidhaa inayooza apange magari yake akijua hivyo.

Ardhi inataka uangalifu wa pekee hapa. Sehemu kubwa ya mashamba ya walowezi ilinunuliwa na kampuni za kununua mashamba miaka ya 1960 na 1970, wanahisa wakagawana, na mpaka leo vipo vipande ambavyo aliyekaa juu yake si yule aliyeandikwa kwenye rejista. Fanya upekuzi kwenye masjala ya ardhi, na ikiwa ni shamba la kilimo, jua kwamba uuzaji haukamiliki bila idhini ya bodi ya ardhi. Asiye raia hawezi kumiliki zaidi ya ukodishaji wa miaka 99, hata muuzaji aseme nini.

Mwisho ni maji, hasa kwa wanaotaka kutengeneza vinywaji, maji ya chupa au chakula. Visima vingi vya eneo hili vina floraidi nyingi kuliko inavyofaa, jambo linaloonekana hata kwenye meno ya watu waliokulia hapo, na kuiondoa kunahitaji mitambo ambayo haikuwa kwenye bajeti yako. Kiwanja kinaweza kuwa kando ya lami, na hati safi, na bei nzuri. Kabla ya kulipa hata amana, jaza chupa kutoka kisima hicho uipeleke maabara, na usubiri majibu yaandikwe kwenye karatasi.